Mwali wa Laini ya Tatu

KIWANDA CHA MAVAZI, TANGA
Idara ya Uzalishaji
20 Januari 2025

Kwa: Bi. Hafsa Idarusi, Laini ya Tatu

YAH: KUTEULIWA KUIELEKEZA MASHINE MPYA

Rejea mazungumzo yetu ya tarehe 17. Uongozi umekuteua kuielekeza mashine ya kushona inayojiendesha, ambayo imefungwa katika chumba cha vioo. Utaendelea kutia mikono ya mashati kama kawaida. Kamera nne zitakurekodi, na mashine itajifunza kutokana na picha hizo.

Mashine itakapoweza kutia mkono wa shati bila mikunjo, utathibitishwa katika ajira ya kudumu. Wafanyakazi wengine arobaini na mmoja wa Laini ya Tatu watafikiriwa kulingana na mahitaji ya wakati huo.

Unatakiwa kutomweleza mtu yeyote wa nje habari za mashine hii.

Innocent Shemweta
Meneja wa Uzalishaji


Nguvumali, Tanga
2 Februari 2025

Shangazi yangu Mboni,

Shikamoo. Miguu inasemaje? Kama uvimbe haujashuka, usiende kisimani, mwambie yeyote akutekee, acha ubishi.

Barua hii nampa Kombo akija mjini kushusha samaki na kuchukua barafu. Najua wenzako hapo Kipumbwi wanatucheka, eti zama hizi nani anaandika barua. Waache wacheke. Wao masikio yao hayakubaki korona, kwenye ile mitambo ya kuchakata mkonge. Wakipigiwa simu wanasikia. Wewe ukipigiwa unajibu "tumshukuru Mungu" hata ukiulizwa nazi ni kiasi gani.

Binti yako Sabra hajambo. Kitanda ni kimoja na mateke yake ni yale yale. Kiwandani anakaa cherehani ya pili kutoka kwangu, na siku hizi ameiva kweli, juzi msimamizi alilishika shati lake akawaonyesha wengine. Nilijisikia raha kana kwamba nimelishona mimi. Nakumbuka ulivyosita kumwachia aje mjini, nikakwambia niachie mimi, nitamshika mkono. Basi nimemshika.

Sasa habari ya kukuchekesha. Kiwandani tumeletewa mwali! Jina hilo kalitoa Leticia, yule mwenzetu wa Lushoto mwenye maneno mengi. Kasema ni mwali kwa sababu kawekwa ndani, chumba cha peke yake, kafunikwa shuka, hatoki, haonekani, na lazima afundwe kabla hajatolewa. Katoka ng'ambo, kaja na meli. Na aliyechaguliwa kumfunda ni mimi. Hakuna aniitaye Hafsa tena, wote wananiita Somo. Nikasema Shangazi akisikia atacheka, yeye aliyefunda nusu ya wanawake wa Pangani.

Zaidi ya hapo nimekatazwa kusema.

Mwanao,
Hafsa


Kipumbwi
11 Februari 2025

Mwanangu Hafsa,

Marahaba. Miguu ni ile ile, na kisimani nakwenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nicheke nini? Nimelia. Miaka yote nilisema kazi yangu itakufa na mimi, Sabra haitaki, wasichana wa siku hizi wanafundwa na simu. Kumbe wewe uliyekuwa ukichungulia mlangoni nikikufukuza ulikuwa unashika! Na mwenye kiwanda, mtu wa ng'ambo, kaona mwanawe afundwe kwetu na wewe. Sikujua kama na wao wana unyago. Kila watu wana mambo yao.

Kama ni mtoto wa tajiri usimwogope. Akiwa ndani ni mwali tu, hana baba wala cheo. Usimpige. Usimseme mbele ya watu. Usimfunde siku ambayo wewe mwenyewe una hasira. Kama hajui Kiswahili, mwonyeshe kwa mikono, mikono inaeleweka kwa kila mtu.

Nampa Kombo kanga doti moja na liwa. Liwa mpake usoni kila siku, ngozi za watu wa baridi zinaungua upesi na jua letu. Kanga ni ya siku ya kumtoa. Anaitwa nani? Anakula nini? Mwambie mama yake wa huku anamsalimu.

Watu nimewaambia. Hata mke wa imamu amekuja kunipa hongera.

Shangazi yako,
Mboni


Nguvumali, Tanga
9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa kufikia kumi hili la kwanza la Ramadhani. Kanga na liwa vimefika. Mwali anashukuru. Jina lake kwetu halitamkiki, limeandikwa namba tupu. Kuhusu chakula usipate tabu, hali chetu.

Sabra sijamwonyesha barua yako. Angekuandikia maneno mengi.

Nina jambo linanikereketa, Shangazi, na sina wa kumuuliza. Mwali anashika upesi mno. Kola kajua kwa siku mbili. Mfuko kajua siku ile ile. Kilichobaki ni kutia mikono. Mkono wa shati una ubishi, kichwa chake ni kipana kuliko tundu la bega, na vitu viwili visivyolingana lazima vimalizane bila kuacha kunjo. Mimi nakipunguza kile kitambaa kwa kidole gumba cha kushoto, huku chini, pasipoonekana na mtu aliyesimama juu. Kila mtu anaangalia mkono wa kulia. Hata mwali anaangalia wa kulia. Basi mashati yake yanatoka yamekunjamana mabegani, na wanaomtunza wanakuna vichwa, na mimi naendelea kushona.

Ndiyo, nimemficha. Nina wiki tatu namficha. Mpaka alijue hilo, hatolewi. Wenzangu wanaogopa kwamba siku atakayotolewa atapendwa yeye peke yake, na wao wataonekana hawana kazi. Hawajui kwamba siri iko kwenye kidole changu. Kila asubuhi wananisalimia "Somo, mwali wako hajambo?" nami nasema bado, bado mjinga.

Nimfundishe au nimfiche? Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Utakaloniambia ndilo nitakalofanya.

Hafsa


Kipumbwi
16 Machi 2025

Hafsa,

Swaumu yangu ilikuwa nzuri mpaka nilipofungua barua yako.

Nakuandikia jambo ambalo hata Sabra halijui. Kabla hujaja kwangu, nilifunda mwali mmoja wa hapa hapa, Mishi binti Sabiri. Mama yake alinitukana kisimani mbele ya watu. Mimi nikaona dawa yake ni kumpunguzia mtoto. Nikamfunda yote, nikaacha moja, lile la damu ya mwenye mimba, kwamba ukiiona usikae nayo, sema hapo hapo, hata kama wako wanaume. Nikajisemea mama yake atamwambia, si mjuaji? Mama naye akajua somo kishasema. Mishi alipoona damu alidhani ndivyo inavyokuwa. Akaficha nguo siku tatu kwa haya. Walioitwa kumwosha ni mimi na mwenzangu mmoja. Nilimwosha kwa mikono hii ninayoandikia.

Sasa wewe unaniambia kuna watu wana wivu na mgeni asije akapendwa! Wivu wa watu wazima unamhusu nini mtoto wa watu aliyeletwa na meli, asiyejua lugha, asiye na mwingine wa kumtegemea ila wewe? Umekubali kuwa somo, umeshakubali. Mfundishe yote. Usibakishe hata ukucha. Wenzako Mungu atawafungulia pengine.

Ukimficha, usiniite shangazi yako.

Mboni


Nguvumali, Tanga
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, unisamehe.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwita Noa, yule mtaalamu anayemwangalia mwali, nikamwambia aje atazame chini ya kitambaa badala ya juu. Akainama, akatazama, akasema "Kumbe!" Siku nne baadaye mwali alitia mkono wa kwanza bila kunjo hata moja. Wa pili. Wa mia. Nililishika shati nikatafuta kosa, sikuliona.

Ametolewa Alhamisi. Kulikuwa na turubai, viti vya kitambaa cheupe na wageni wa mkoani. Wanawake wote tuliambiwa tuje na kanga tuimbe. Mwali alifunikwa kwa kanga yako, ile ile, na mgeni mkubwa akaivuta watu wakapiga makofi. Leticia akaanzisha wimbo wa kumtoa mwali, tukaupokea. Viongozi walifurahi, wakasema hivi ndivyo utamaduni unavyokwenda na maendeleo. Sabra alipiga vigelegele kuliko wote, unamjua sauti yake.

Mimi nimepewa barua ya kuthibitishwa kazini. Moyo wangu haujafurahi, sijui kwa nini nakuambia hivyo.

Hafsa


Nguvumali
31/5/2025

Dada Hafsa,

Nimechukua godoro dogo na ndoo ya bluu. Ufunguo nimempa mama mwenye nyumba.

Watu thelathini na wanane tumepewa barua jana, wewe ulikuwa umeitwa ofisini, najua kwa nini. Wengine walikuwa wanalia, mimi nikaenda kwenye yale maboksi ya mashati ya mwali nikatoa moja. Nikapitisha kidole begani. Dada, miaka mitatu nimekaa cherehani ya pili kutoka kwako, nilijifunza kushona kwa kuibia macho kwako. Nilipolishika lile shati nikaujua mkono wako. Ule mshono si wa mtu mwingine.

Ungenishtua tu. Siku moja kabla, ukaniambia Sabra mdogo wangu tafuta pengine. Badala yake ukaniacha nipige vigelegele mbele ya watu.

Nimesikia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza wanachukua wakataji, hata wanawake. Mama usimwambie, atakuja kwa miguu.

Sabra


Kipumbwi
22 Juni 2025

Mwanangu Hafsa,

Nimefurahi mwali katoka salama, na kanga yangu imeheshimika. Mungu akuzidishie.

Ila kuna kitu sikielewi. Sabra hajaniletea salamu mwezi mzima. Sikukuu ya kuchinja imepita, hakuja wala hakutuma neno. Nilimuuliza Kombo, akanionyesha viganja vitupu, akageuka kuhesabu samaki zake. Kombo ni mtu wa kupiga soga, wewe unamjua, hata mimi nisiyesikia huwa ananizungumzia mpaka nachoka kumtazama mdomo. Mbona safari hii ananikimbia?

Kama anaumwa niandikie anaumwa. Kama ana mimba niandikie ana mimba, sitamfukuza. Ulisema umemshika mkono.

Mboni


Nguvumali, Tanga
29 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ondoa wasiwasi. Sabra amepata kazi nyingine upande wa Muheza, huko simu hazishiki vizuri na magari ni shida. Ni mzima. Atakuja mwenyewe akipata ruhusa.

Nina haraka, Kombo ananingoja.

Hafsa


Kipumbwi
14 Septemba 2025

Hafsa,

Sabra yuko hapa. Kaja Jumatano na gari la mkaa. Sikumtambua mpaka alipovua mtandio.

Mkono wake wa kulia uliingia mwiba wa mkonge hapo kati ya kidole cha shahada na cha kati. Alikata siku mbili na huo mwiba ndani kwa sababu hakutaka aonekane goigoi. Ukavimba mpaka kiwiko. Zahanati wameupasua, usaha umetoka, umepona. Vidole vitatu havikunji. Nimevikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi kila siku tangu aje, naona vile vile. Mimi nilikaa korona miaka kumi na minane, najua mkono utakaorudi na usiorudi. Huu haurudi.

Kwa kuwa sisikii, kaniandikia mambo yote kwa mkaa ukutani jikoni, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za mtoto. Akaandika: MWALI NI MASHINE. Nilicheka, Hafsa. Nikamwambia wewe una homa. Akaandika tena. Akachora na picha yake, chuma chenye mkono mmoja mrefu. Kisha akaandika idadi ya walioachishwa.

Ndipo nikakumbuka nilichokuandikia. Usibakishe hata ukucha.

Tangu hapo sina raha. Wa kwanza nilimficha nikamwosha. Huyu nikasema asifichwe, nimemlemaza mwanangu mwenyewe na kuwanyima riziki wanawake nisiowajua hata majina. Nikikaa kwenye mswala nasahau nimeswali rakaa ngapi. Sabra ananiandikia hapana Mama, si wewe. Mimi najua ni mimi. Wewe uliniuliza, ulisema nitakaloamua ndilo utakalofanya, ukawa mtoto mtiifu.

Ninalotaka kujua ni moja. Ulijua kwamba mimi nafikiri ni mtu?

Mboni


Nguvumali, Tanga
21 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Nilijua.

Barua yako ya kwanza ilipofika na kanga na liwa, nilicheka hadi nikajishika mbavu. Nikachukua kalamu nikusahihishe. Nikaandika mstari mmoja, nikauchana. Nilikuwa nimekatazwa kusema, ndiyo, lakini hilo halikunizuia. Kwako ningesema, wewe ungemwambia nani?

Sikukusahihisha kwa kuwa nilikuwa nimeahidiwa. Barua ya meneja ilisema mashine ikijua kutia mikono, mimi nathibitishwa. Mimi peke yangu. Niliiweka chini ya godoro ambalo Sabra analalia. Kila siku nilijiambia sitasema, siwezi kuwauza wenzangu, na kila siku nilitamani kusema. Nilikuwa nimechoka kuwa kibarua, Shangazi. Miaka kumi na moja kila miezi mitatu unangoja kuambiwa uendelee au uache. Ndipo nikakuuliza wewe. Nilikuuliza nikijua utakachojibu, kwa sababu wewe ni somo, na hakuna somo angesema mfiche. Nilipanga maneno, nikaandika "wanaogopa atapendwa", ili uone ni wivu. Nilitaka mtu mwingine aniamrishe, nikishafanya niseme si mimi, ni Shangazi.

Kisa cha Mishi sikukijua. Ungeniandikia hata neno moja tu, "mfundishe", ningefanya vile vile.

Kwa hiyo si wewe. Usijihesabie kitu. Sabra nilimlaza juu ya barua ile na sikumwambia.

Na kama unataka kujua nimepata nini, nimethibitishwa miezi minne. Ijumaa wameleta mwali wa pili na wa tatu. Nikamuuliza Noa lini naanza kuwafunda. Akasema hawahitaji, anayoyajua wa kwanza wanayanakili kwa dakika chache. Tarehe thelathini ndiyo mwisho wangu. Ukumbi wa Laini ya Tatu hauna viti sasa. Wanazima taa mchana mashine zikiwa zinashona, maana zenyewe hazihitaji mwanga.

Ukinifukuza nitaelewa.

Hafsa


Kipumbwi
2/10/2025

Hafsa,

Samahani kwa mwandiko, ni wa kushoto.

Barua yako Kombo kanikabidhi mimi, Mama alikuwa akioga. Nimeisoma. Nimeitia kwenye moto wa jikoni.

Ulichoandika kingemtoa Mama kwenye lile shimo alilojitia. Hilo nimelifikiria siku nzima. Angejua si yeye. Lakini angejua ni wewe. Mama ana watu wawili duniani, mmoja vidole havikunji na mwingine ni wewe. Kombo akichelewa anakwenda kukaa barabarani kumngoja, na huyo anayemngoja si Kombo, ni barua zako. Mimi nikiwa Muheza alikuwa anawasomea majirani. Nikimwondolea wewe atabaki na nini? Na mimi?

Kwa hiyo utamwandikia nyingine. Utamwambia hukujua kwamba anafikiri ni mtu. Utamwambia mashine ilikwisha kukijua kile kidole kabla barua yake haijafika, kwamba Noa alikiona mwenyewe, kwamba neno lake halikubadili kitu. Andika vizuri, wewe unajua kupanga maneno. Uendelee kumwandikia kila mwezi. Ukweli baki nao, na mimi nitabaki nao, tutakuwa wawili.

Mimi usiniandikie. Wala usinitumie salamu ndani ya barua yake, maana ananionyesha.

Sabra


Nguvumali, Tanga
5 Oktoba 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa na homa kidogo, sasa nimepona.

Umeniuliza kama nilijua. Wallahi sikujua. Nilidhani unatania nami, kama tulivyozoea, ndiyo nami nikawa natania. Ningejua ningekueleza hapo hapo.

Na jingine, naomba ulisikilize kwa makini. Barua yako ya Machi iliponifikia, Noa alikuwa kishakiona kidole changu mwenyewe. Mambo yalikuwa yamekwisha. Usingesema kitu yangekuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo huna hatia hata chembe, wala ya Sabra wala ya mtu yeyote. Swali swala zako kwa amani.

Kiwandani pale nimeondoka. Natafuta fremu ya kushonea hapa Mabawa, nitakujulisha.

Mwanao,
Hafsa


Kipumbwi
19 Oktoba 2025

Mwanangu Hafsa,

Marahaba. Pole kwa homa.

Barua yako nimeipokea na nimeiweka pamoja na nyingine. Ninazo zote, mwanangu, ulisahau? Nimezitoa nikazipanga kitandani. Ya Machi inasema umemficha, nimfundishe au nimfiche. Ya Mei inasema nimefanya ulivyosema, nilimwita Noa atazame chini ya kitambaa. Sasa unaniambia Noa alijionea mwenyewe. Masikio sina, lakini macho ninayo.

Sikukasirika. Nimekaa nikalia kilio cha raha, cha kwanza tangu Sabra arudi. Nimejua kwa nini unaniongopea. Unaona kikongwe anajilaumu, unataka umtue mzigo hata kwa uongo, na wewe ndiye uliyepoteza kazi, ndiye uliyelazimika kuwaangalia wenzako usoni kwa neno langu mimi. Ungeweza kunilaumu na usingekosea. Hukunilaumu hata kidogo.

Nimemwonyesha Sabra barua zote tatu. Nikamwambia tazama dada yako alivyo na moyo, jifunze kwake. Akazisoma, akatoka nje, akakaa huko mpaka alasiri. Bado ana machungu na mkono wake, tumwache.

Mzigo wangu utabaki kwangu, ni wangu. Ila kila ninaposwali sasa nina dua moja ya zaidi. Namwomba Mungu akulipe wewe, Hafsa, sawasawa na ulivyonitendea.

Shangazi yako akupendaye,
Mboni